Timu Ilipohamishwa Bila Wenyewe Kuulizwa

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Katika vijiji vya Umatengo na kandokando ya Ziwa Nyasa, kutoka Lituhi hadi Mbamba Bay, hapana haja ya kumweleza mtu maana ya uwanja wa nyumbani. Vijana husimika magoli ya miti, wazee huketi kivulini, akina mama wapitao na ndoo husimama kidogo kutazama, na timu ikifungwa kijiji kizima hulala na huzuni. Uwanja huo haukuandikishwa kwa jina la mtu ye yote. Hata hivyo, siku utakapohamishiwa kijiji cha pili pasipo kusemezana na watu, ndipo itakapojulikana kuwa ulikuwa na wenyewe.

Jambo la namna hiyo lilitukia Uingereza, nalo lina mafunzo makubwa kwa kila chama cha ushirika chenye mzani, ghala na daftari la wanachama.

Kusini-magharibi mwa jiji la London upo mtaa uitwao Wimbledon. Mwaka 1889 watu waliosoma pamoja katika shule ya hapo waliunda klabu ya kandanda. Kuanzia mwaka 1912 klabu hiyo ilicheza katika kiwanja cha Plough Lane. Kwa miaka mingi ilikuwa timu ndogo ya mtaani. Mwaka 1977 ilikubaliwa kuingia katika Ligi ya Kandanda ya Uingereza, mwaka 1986 ikapanda hadi daraja la kwanza, na mwaka 1988 ikaishinda Liverpool bao 1 kwa 0 na kulitwaa Kombe la Chama cha Kandanda. Timu ya mtaani ilikuwa imewashinda wakubwa, na wakazi wa Wimbledon walitembea vifua mbele.

Furaha hiyo haikudumu. Mwaka 1989 watazamaji wengi walikufa kwa kusongamana katika uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield. Baada ya msiba huo viwanja vya timu kubwa viliamriwa kuwekwa viti kwa kila mtazamaji. Plough Lane kilikuwa kidogo na kikuukuu. Mwaka 1991 wakuu wa klabu waliihamishia timu katika uwanja wa Selhurst Park, uliokuwa mali ya klabu nyingine, wakasema ni kwa muda tu. Muda huo ukawa miaka kumi na zaidi. Kiwanja cha zamani kiliuzwa, na hatimaye zikajengwa nyumba za kuishi mahali pake. Timu ikawa mpangaji katika nyumba ya jirani.

Ndipo ulipofika mwezi Agosti mwaka 2001. Wenye klabu walitangaza kwamba wanataka kuipeleka timu Milton Keynes, mji mpya ulio yapata kilomita 90 kutoka Wimbledon, umbali usiopungukiwa sana na ule wa kutoka Songea hadi Mbinga. Haki inataka sababu zao nazo zitajwe. Klabu ilikuwa ikipata hasara, haikuwa na kiwanja chake, na mji wa Milton Keynes ulikuwa na watu wengi usio na timu kubwa. Kwa hesabu ya fedha peke yake, shauri hilo lilikuwa na maana.

Wapenzi wa timu hawakukimbilia kususa. Kwanza walisema. Waliandamana, waliandika barua, na walipeleka hoja zao kwa wakuu wa mchezo. Ligi yenyewe ilikataa uhamisho huo. Shauri likakatiwa rufani, mwisho likafikishwa mbele ya tume ya watu watatu. Tarehe 28 Mei 2002 watu wawili wa tume hiyo waliukubali uhamisho, mmoja aliukataa. Kura mbili zikaamua mambo ya klabu yenye umri wa miaka 113, na katika maelfu waliokuwa wakilipa kiingilio kila juma hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa na kura.

Maana mpenzi wa timu, kwa mujibu wa sheria, hakuwa cho chote. Hisa zilikuwa za matajiri. Yeye alikuwa na tikiti, skafu na kumbukumbu za baba yake. Aliyenyimwa kura ya mkono alibakiwa na kura ya miguu, nayo aliipiga.

Uwanja wa Milton Keynes ulikuwa haujawa tayari, basi msimu wa 2002 hadi 2003 timu iliendelea kucheza Selhurst Park, uwanja wenye nafasi ya watu zaidi ya 25,000. Wapenzi wakasusia michezo ya nyumbani. Wastani wa watazamaji katika ligi msimu huo haukufika 3,000. Siku moja ya mwezi Oktoba 2002, katika mchezo wa kombe dhidi ya Rotherham, walihesabiwa watu 664 tu. Juni 2003 klabu ikawekwa chini ya wasimamizi wa madeni, na wachezaji wazuri wakauzwa. Septemba 2003 ikahamia Milton Keynes, na mwaka 2004 ikabadili na jina. Jina la Wimbledon likafutika katika klabu hiyo.

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa habari ya hasara tupu. Kususa peke yake hubomoa, wala hakujengi. Wachezaji waliokuwa wakijituma mbele ya viti vitupu hawakuwa na kosa. Wakazi wa Milton Keynes nao, waliotaka timu ya kuishangilia, hawakumdhulumu mtu. Bali wapenzi wa Wimbledon walifanya jambo la pili, na hilo ndilo linalohusu zaidi ukurasa huu.

Siku chache tu baada ya uamuzi wa tume, walikata shauri kuanzisha klabu yao wenyewe. Juni 2002 waliwaita vijana katika uwanja wa wazi wa Wimbledon Common ili wajaribiwe na kuchaguliwa, kama timu za vijiji zifanyavyo. Klabu mpya, AFC Wimbledon, ilianza katika ligi za chini kabisa, ikicheza na timu za vitongoji. Katika msimu wake wa kwanza ilipata wastani wa watazamaji zaidi ya 3,000, ikawapita wale waliobaki Selhurst Park kutazama ligi kubwa.

Mali ya klabu hiyo iliwekwa mikononi mwa chama cha wapenzi, kilichoandikishwa kwa sheria ileile iliyotumiwa na vyama vya ushirika vya Uingereza, nchi ya wale wafumaji wa Rochdale waliofungua duka lao mwaka 1844. Kanuni yake kuu kila katibu anaijua kwa moyo: mwanachama mmoja, kura moja. Mwenye mali nyingi na mwenye mali haba wakiingia mkutanoni, mikono yao huhesabiwa sawa.

Kazi haikuwa nyepesi. Walichanga, waliuza hisa, walijitolea kupaka rangi, kukata tikiti na kuandika hesabu. Katika misimu tisa klabu ilipanda madaraja mara tano, na mwaka 2011 ikaingia katika Ligi ya Kandanda, mahali ambapo mama yake alikuwa ameingia mwaka 1977. Mwaka 2007 heshima za klabu ya zamani, pamoja na mfano wa lile Kombe la 1988, zilikabidhiwa kwa serikali ya mitaa ya Merton, ambamo mtaa wa Wimbledon umo. Fedha za kumalizia uwanja mpya zilipopungua, wanachama na marafiki waliikopesha klabu yao zaidi ya pauni milioni 5. Tarehe 3 Novemba 2020 timu ilicheza kwa mara ya kwanza katika uwanja huo, ulioko hatua chache kutoka pale ulipokuwa ule wa zamani. Viti vilikuwa vitupu siku hiyo pia, ila safari hii ni kwa sababu ya maradhi ya korona. Walirudi nyumbani baada ya miaka 29.

Mfano wa pili ni mfupi. Mwaka 2013 klabu ya Coventry, kwa ugomvi wa kodi ya uwanja, ilipeleka michezo yake ya nyumbani mjini Northampton, kilomita zaidi ya 50. Wapenzi wengi walisusa. Baadhi yao walisimama kwenye kilima nje ya uwanja, wakaitazama timu yao kwa mbali bila kuwapa wakuu hata senti. Wastani wa watazamaji ulishuka kutoka elfu kumi na ushee hadi elfu mbili na ushee. Septemba 2014 timu iliporudi Coventry, mchezo wa kwanza ulitazamwa na watu zaidi ya 27,000. Watu walikuwapo siku zote, wakingojea kuheshimiwa.

Ndugu Makatibu, habari hizi za mbali zina ndugu zake humu nyumbani. Chama kikuu cha Ngoni-Matengo kilianza katika miaka ya 1930. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini Tanzania vilivunjwa kwa amri, na kazi ya kununua mazao ikapewa mamlaka za mazao na vijiji. Wakulima waliovijenga kwa ushuru wa mazao yao hawakupigishwa kura. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, lakini imani ni mmea usioota kwa sheria peke yake.

Na jambo dogo zaidi hutokea katika chama cha msingi. Bodi ikikaa jioni moja na kuamua kwamba mzani, au mtambo wa kumenya kahawa, uhamishwe kutoka mlimani hadi kando ya barabara, huenda sababu zake ni njema: lori hufika, maji yapo, gharama hupungua. Lakini kahawa iliyoiva ikichumwa hutakiwa kumenywa siku ileile, isichache na kuharibika. Kwa mama wa bondeni mwenye mzigo kichwani, kilima kimoja kilichoongezwa katika safari yake ni nusu ya siku. Asipoulizwa, hataandika barua wala hataandamana. Atanyamaza, na msimu ukifika kahawa yake itaonekana kwa mnunuzi wa magoma, aliyempa fedha kidogo shambani kabla ya mavuno. Daftari la chama litaonyesha kilo zimepungua, wala halitaonyesha kwa nini. Kila jina lililokoma kuleta mazao ni kiti kitupu uwanjani.

Basi katibu aitishe mkutano mkuu kabla ya kuhamisha, wala asingoje kuuitisha baada ya kuhamisha ili awatulize watu. Aeleze hesabu zote, faida na hasara. Awasikilize kwanza wale watakaotembea mbali zaidi. Aandike kura katika muhtasari, na walioshindwa wajue wameshindwa kwa haki. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 imeuweka mkutano mkuu juu ya bodi, na sababu yake ni hiyo.

Mwanachama naye ana sehemu yake. Wapenzi wa Wimbledon walisusa hadharani, wakataja sababu, kisha wakajenga. Anayeuza kwa magoma usiku amesusa kwa siri, na hajajenga kitu. Amemtajirisha mwingine kwa jasho lake. Tena tofauti ni kubwa: wale hawakuwa na kura, ilhali mkulima wa chama cha msingi anayo. Asiyekuwapo na lake halipo. Mwanachama asiyehudhuria mkutano, kisha akalalamika kilabuni kwamba mzani umehamishwa, ameitupa mwenyewe kura ambayo wenzake wa Wimbledon waliitafuta kwa jasho.

Wenye hisa waliweza kuhamisha wachezaji, mikataba na jina. Watu hawakuweza kuwahamisha. Chama nacho ndivyo kilivyo: ghala ni matofali na mzani ni chuma, na pasipo wanachama vyote viwili hubaki vimesimama vitupu, kama Selhurst Park siku ile ya watu 664.

Ushirika ni nguvu.