Mwalimu, Barua na Stensili



Nimeombwa niseme machache juu ya historia ya Marekani, somo nililolichukua Chuo Kikuu. Wengi wenu mmesoma habari za mji wa Montgomery, jimbo la Alabama. Katika mabasi ya mji huo viti kumi vya mbele vilikuwa vya Wazungu. Tarehe 1 Desemba 1955, siku ya Alhamisi, Bibi Rosa Parks, mshonaji wa miaka 42, alikataa kumpisha Mzungu kiti, akakamatwa. Jumatatu iliyofuata mabasi yalitembea karibu bila mtu mweusi ndani. Hayo mnayajua. Mimi nauliza: kati ya Alhamisi jioni na Jumatatu asubuhi, ni nani aliyewapasha habari watu maelfu kwa maelfu?

Alikuwa mwalimu. Jo Ann Robinson alifundisha Kiingereza katika chuo cha jimbo, tena aliongoza chama cha wanawake weusi wa mji. Mwaka 1949 dereva mmoja alimfokea kwa kukaa mbele katika basi lililokuwa karibu tupu, akashuka akilia. Lakini hakuishia kulia. Tarehe 21 Mei 1954 alimwandikia meya barua ya adabu, akimkumbusha kwamba robo tatu ya abiria walikuwa weusi, na kwamba vyama 25 au zaidi vilikuwa vikizungumza juu ya kugomea mabasi. Ombi lake la viti halikukubaliwa.

Basi habari ya kukamatwa kwa Bibi Parks ilipomfikia usiku ule, hakuwa na haja ya kuanza kufikiri. Alikata stensili, akaenda chuoni pamoja na mwalimu mwenzake na wanafunzi wawili, wakaendesha mashine ya kurudufu mpaka alfajiri. Kila karatasi ilibeba tangazo mara tatu. Wakazikata, wakazifunga mafungu, makumi ya maelfu. Saa mbili asubuhi mwalimu aliingia darasani kama kawaida. Kipindi kilipokwisha, alizunguka kwa gari na wale wanafunzi wawili kugawa mafungu mashuleni, na watoto wakayafikisha majumbani.

Mgomo uliokusudiwa siku moja ulidumu siku 381. Watu walikwenda kazini kwa miguu. Wenye magari waliwabeba wenzao. Gari la mwalimu huyo lilimwagiwa tindikali, na dirisha la nyumba yake likavunjwa kwa jiwe. Kumbukeni pia kwamba mshahara wake ulitoka katika jimbo lile lile lililolinda ubaguzi.

Vijana, msiseme mambo haya ni ya wakubwa. Claudette Colvin, mwanafunzi wa sekondari wa miaka 15, alikataa kuondoka kitini tangu Machi 1955. Alikuwa mmoja wa wanawake wanne walioshtaki, na Novemba 1956 Mahakama ya Juu ya Marekani ilithibitisha kuwa ubaguzi ule wa mabasini ulivunja katiba.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Siku zangu hupita katika majalada. Vijana huniuliza kama kazi ya karatasi yaweza kugeuza neno. Nawajibu kwa stensili ile. Ujasiri wa Bibi Parks ungeweza kuishia kituo cha polisi, lau pasingalikuwa na watu waliokwisha kujiandaa. Akiba haiozi.

Nanyi wenzangu mlioko maofisini, neno moja. Kabla watu wa Montgomery hawajagoma, waliandika, tena kwa adabu. Kesho tukirudi kazini, kila mmoja wetu afungue trei yake atazame: ni barua ngapi za adabu zimelala humo bila majibu?