Kompyuta Moja, Watu Wengi: Kila Mtu na Sanduku Lake la Barua

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kakamega

 

Leo hatuzungumzi juu ya ng'ombe wa maziwa wala kuku. Tunazungumza juu ya kompyuta. Lakini msiogope, jambo lenyewe mnalijua. Ni jambo la ufunguo: nani anaushika, na yeye akiondoka nani anabaki nao.

Siku hizi kikundi hakiwezi kuikwepa barua pepe. Ukitaka PIN ya kodi kutoka KRA, mtandao wa iTax unakuuliza anwani ya barua pepe. Benki inaweza kutuma taarifa ya akaunti kwa njia hiyo. Mfadhili akitaka ripoti ya mizinga ya nyuki, haandiki tena kwa karatasi. Na kompyuta ni moja tu, iko kwa ofisi ya parokia au ya ushirika. Katibu anaitumia asubuhi, mweka hazina mchana, vijana wa miche ya miti jioni.

Hapo ndipo shida inapoingia. Mara nyingi kompyuta hiyo ina jina moja tu la kuingilia, labda "Ofisi", na neno la siri limebandikwa kwa karatasi kando ya kioo. Barua za watu wote ziko mahali pamoja. Anayeketi anasoma zote, na akitaka anajibu kwa jina la mwingine.

Mtasema, "Sisi tunaaminiana." Vizuri. Lakini hebu tuulize: sanduku la akiba la kikundi lina kufuli ngapi? Vikundi vingi vinaweka tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Hakuna anayesema kufuli hizo ni matusi kwa mweka hazina. Zinamlinda yeye mwenyewe, ili fedha zikipungua asinyoshewe kidole bure. Barua nazo ni hivyo hivyo.

Bahasha iliyofungwa

Wazee wanakumbuka jinsi barua zilivyokuja. Kijiji kizima kilitumia sanduku la posta la shule au la kanisa. Mwalimu alizileta kutoka mjini, akasoma majina mbele ya watoto: hii ya mama fulani, hii ya mzee fulani. Sanduku lilikuwa moja, lakini kila bahasha ilikuwa na jina juu yake na ilikuwa imefungwa. Kompyuta yenye jina moja la kuingilia ni sanduku la posta lisilo na bahasha. Kila barua iko wazi.

Waliotengeneza kompyuta waliliona jambo hili mapema. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT kule Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS. Kompyuta wakati huo ilikuwa kubwa na ghali, kwa hiyo watu wengi walitumia moja kwa zamu fupi fupi. Ili mafaili ya mmoja yasichanganyike na ya mwingine, kila mmoja alipewa jina lake na neno lake la siri. Mnaona basi: neno la siri liliingia kwa kompyuta kwa sababu ya kutumia pamoja. Na mwaka uliofuata, 1962, mwanafunzi mmoja aitwaye Allan Scherr, aliyetaka saa zaidi za kutumia mashine, aliomba faili la maneno ya siri lichapishwe, na likachapishwa. Kwa hiyo kufuli ya kompyuta nayo yataka kuchungwa.

Mwaka 1971 Ray Tomlinson alituma barua ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa mtandao. Ndiye aliyechagua ile alama ya @ iliyo katikati ya anwani. Kushoto kwake ni jina la mtu, kulia ni mahali sanduku lake lilipo. Yaani tangu mwanzo barua iliandikwa kwa mtu. Haikuandikwa kwa yeyote atakayekuwa ameketi kwa kiti.

Kompyuta inavyojipangia barua

Sasa tufike kwa kazi yenyewe. Kompyuta yenye Windows inaweza kuwa na majina mengi ya kuingilia, bila kulipa hata shilingi moja ya ziada. Fundi anaingia kwa mipangilio, mahali pa akaunti, anaongeza jina la katibu, la mweka hazina, la kijana wa miche. Kila jina linapewa chumba chake ndani ya mashine. Aliye na jina la kawaida hawezi kufungua chumba cha mwenzake.

Programu ya barua nayo hufuata mpango huo. Ndani ya kila chumba hutunza kitu kinachoitwa profaili. Profaili ni kama mkoba: ndani yake mna anwani ya mwenyewe na maelezo ya seva, yaani ile kompyuta ya mbali inayotunza barua. Zamani kujaza mkoba huo kulikuwa taabu. Ilibidi kujua jina la seva ya kupokea, jina la seva ya kutuma na nambari za milango yake, na ukikosea nukta moja barua haziji. Fundi aliitwa kwa kila mtu mpya, na kwa sababu hiyo watu wakachoka, wakaona afadhali wote watumie mkoba mmoja.

Sasa kazi hiyo mashine inaifanya yenyewe. Programu ya Thunderbird, isiyouzwa, ilianza kujipangia kwa toleo lake la 3, la Desemba 2009. Fundi anaiweka mara moja kwa kompyuta. Halafu kila mtu akiingia kwa jina lake mara ya kwanza, anaulizwa mambo matatu tu: jina lake, anwani yake na neno lake la siri. Majina ya seva programu inayatafuta yenyewe. Kwa anwani kama ya Gmail, inafungua ukurasa wa Google ili mwenyewe aingie hapo.

Kwa ofisi kubwa zenye seva yao wenyewe, mambo ni rahisi zaidi. Microsoft ilileta njia ya kujipangia kwa Outlook ya 2007 na seva ya Exchange ya mwaka huo. Msimamizi akishapanga, mfanyakazi haandiki hata anwani. Mashine inaangalia ni nani ameingia, inaulizia anwani yake, inajaza mkoba. Mfanyakazi mpya akiketi kwa kompyuta yoyote ya ofisi hiyo, anakuta barua zake.

Jambo lingine la kumwambia fundi: achague IMAP, asichague POP. Kwa IMAP barua hubaki kwa seva, na kompyuta inaonyesha nakala. Mashine ikiibiwa au ikiungua kwa sababu ya stima, barua za kikundi hazipotei. Kwa POP, mara nyingi barua huteremshwa kwa mashine moja na kufutwa kwa seva, na mashine ikifa zimekufa nayo.

Mashine haijui uso

Lakini hapa sikilizeni vizuri. Mashine inapojipangia, haitambui mtu. Inatambua jina lililoingia tu. Katibu akiacha kompyuta wazi aende kunywa chai, yeyote atakayeketi, kwa mashine ni katibu. Anaweza kuandika kwa mfadhili: "Fedha zitumwe kwa nambari hii mpya." Barua itatoka kwa anwani ya kweli ya katibu. Mfadhili ataamini. Na siku ya kuulizana, katibu ndiye atakayesimama mbele ya wanachama.

Kwa hiyo urahisi huu ni mzuri ikiwa mlango wa mbele unafungwa. Usipofungwa, mashine inamrahisishia hata mwizi. Ukiondoka kwa kiti, toka kwa jina lako. Ni kazi ya dakika moja.

Kwa saiba ya mjini ni vivyo hivyo. Hapo usipange programu ya barua kabisa. Fungua dirisha la faragha, soma, jibu, toka, funga dirisha. Kompyuta ikikuuliza kama ikumbuke neno lako la siri, kataa.

Barua za kikundi ni za kikundi

Tuseme kikundi cha akina mama kinatumia anwani ya katibu wake, aliyoifungua kwa simu yake. Uchaguzi unakuja, katibu anabadilishwa, tena kwa maneno makali. Anwani inaenda naye. Barua za benki zinaenda naye. Barua ya mfadhili ya kusema ripoti irekebishwe kwa siku kumi na nne inafika kwake, na yeye hana haja ya kuifungua. Kikundi kinapoteza fedha na hakuna aliyeiba.

Dawa yake ni kuwa na anwani mbili. Ya mtu ni ya mtu. Ya kikundi iwe ya kikundi, yenye jina la kikundi, na iwekwe kwa chumba cha anayeshika kazi hiyo. Mnapofungua anwani kama ya Gmail mnaweza kuweka nambari ya simu ya kurudishia neno la siri likisahaulika. Wekeni laini ya kikundi, au ya ofisa aliyetajwa kwa kumbukumbu za mkutano. Anayeshika nambari hiyo ana ufunguo wa sanduku lote.

Na sheria iko. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inalinda siri ya mawasiliano ya kila mtu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inasema kuingia kwa mfumo wa kompyuta bila ruhusa ni kosa, na adhabu yaweza kufika shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka 3, au yote mawili. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inamtaka anayetunza habari za watu azilinde. Orodha ya wanachama wenu, nambari zao za vitambulisho na madeni yao, ni habari za namna hiyo.

Ya kufanya mwezi huu

1. Ondoeni ile karatasi kando ya kioo. Badilisheni neno la siri lililokuwa juu yake.

2. Mwiteni fundi mara moja, afungue jina la kuingilia kwa kila anayetumia kompyuta. Kila mtu aandike neno lake la siri mwenyewe, fundi akiangalia pembeni.

3. Jina la msimamizi, lenye nguvu ya kufungua vyumba vyote, lisitumiwe kwa kazi za kila siku. Neno lake liwekwe kwa bahasha iliyofungwa, maofisa wawili watie sahihi juu yake.

4. Fungueni anwani ya kikundi na muiandike kwa kitabu cha kumbukumbu.

5. Siku ya makabidhiano baada ya uchaguzi, pamoja na kitabu cha benki na muhuri, kabidhini neno la siri na laini ya simu. Anayepokea abadilishe neno siku hiyo hiyo, mashahidi wakiwapo.

Katika mfano wa talanta, bwana hakuwapa watumwa wake mfuko mmoja wachange wote mikono. Kila mmoja alipewa zake, na aliporudi kila mmoja aliulizwa zake. Nasi tukitaka kuulizana kwa haki, tutenge kwanza.

Sasa ulizeni maswali, na mama mzee aliye nyuma aanze, maana ameinua mkono tangu tulipotaja fundi. Bila shaka anataka kujua bei.