Deni la Bomba ni Deni la Mwananchi



Nilipokuwa mtoto, chifu alipita nyumba kwa nyumba akikusanya harambee ya bomba la kijiji. Mama yangu aliuza kuku wawili. Bomba likafunguliwa kwa ngoma na hotuba, likatoa maji misimu miwili, kisha pampu ikaharibika. Hapakuwa na akiba ya vipuri, wala daftari la hesabu lililopata kusomwa mbele ya watu.

Serikali nayo ilikuwa na ahadi yake. Mwaka 1974 ilizindua mpango mkuu wa maji, ikalenga kwamba ifikapo mwaka 2000 kila nyumba iwe na maji safi karibu nayo. Mwaka huo ulifika ukapita, na foleni za mitungi zikabaki.

Leo sheria ni nyingine. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 champa kila mtu haki ya kupata maji safi, salama na ya kutosha. Jedwali la Nne limekabidhi huduma hiyo kwa kaunti, nazo huitekeleza kupitia kampuni zao za maji. Lakini mtambo utakaotumika miaka thelathini haujengwi kwa bajeti ya mwaka mmoja. Kwa hiyo fedha hukopwa.

Kukopa si dhambi. Katika miaka ya 2000, miradi midogo ya maji ya jamii ilikopa kutoka benki ya K-Rep hadi asilimia 80 ya gharama, wanachama wakatoa asilimia 20. Mradi ulipokamilika na kufikia malengo yake, ruzuku ya wafadhili ilipunguza deni. Angalieni mpango huo: ruzuku ilifuata maji, haikufuata hotuba.

Hata hivyo wahenga walinena: kukopa harusi, kulipa matanga. Matanga hayo atayalipa nani? Ni mwenye mita, ambaye deni humfikia ndani ya ankara. Ni mama wa mtaa wa mabanda, ambaye hununua mtungi wa lita 20 kwa bei inayoishinda ile ya mwenye mfereji nyumbani. Tena taarifa za Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji ya kampuni zetu hayaleti mapato. Mengine huvuja, mengine huibwa, mengine hayapimwi. Kampuni ikikopa katika hali hiyo, yajaza ndoo iliyotoboka, na tobo twalilipia sisi.

Ngao tunayo. Kifungu cha 212 chakataza kaunti kukopa bila dhamana ya serikali ya kitaifa na idhini ya Bunge la Kaunti. Kifungu cha 201 chadai uwazi na ushirikishaji wa wananchi, na chataka mzigo na manufaa ya mikopo yagawanywe kwa haki baina ya kizazi hiki na vizazi vijavyo. Kifungu cha 35 chatupa haki ya kuziona habari zilizo mikononi mwa serikali.

Basi mkutano wa kaunti ukiitishwa, msiseme hayo ni mambo ya wahandisi. Tangazo lisomwe kanisani baada ya ibada, na watu waende. Ulizeni: deni ni kiasi gani, riba ni ngapi, litalipwa kwa miaka mingapi, na ankara itapanda kwa kiasi gani? Ulizeni pia tobo litazibwa lini. Msiporidhika, andikeni barua, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua iliyogongwa muhuri ni ushahidi. Manung'uniko ya njiani si ushahidi.

Isaka alivifukua upya visima vya baba yake vilivyokuwa vimefukiwa. Bomba la mama yangu halikufukiwa na adui. Lilifukiwa na ukimya wetu sisi tuliochanga, tukapiga makofi, tusiulize hesabu. Tusirudie kosa hilo kwa fedha za mkopo, ambazo watoto wetu watazilipa.