Udongo Unaoelea: Mkono na Neno katika Darasa la Kwanza



Nianze na beseni la maji. Mtoto wa miaka saba anatumbukiza donge la udongo wa mfinyanzi, linazama. Mwalimu haelezi sababu. Anamwagiza alitoe, alifinyange liwe bakuli jembamba, kisha aliweke juu ya maji taratibu. Udongo ule ule, uzito ule ule, sasa unaelea.

Mtoto huyo amefanya kazi ya fundi, ya msanii na ya mwanasayansi kwa mara moja. Ameona kwamba uzito peke yake hauamui. Umbo nalo lina neno. Kwamba bakuli husukuma kando maji mengi kuliko donge, na kwa hiyo maji huliinua kwa nguvu zaidi, hilo atalisoma baadaye. Atakapolisoma, mikono yake itakuwa imeshalijua.

Mwaka 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili nchini Tanzania ulielekezwa kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Somo la Sayansi na Teknolojia likasubiri Darasa la Tatu. Sababu ilikuwa nzito, kwani watoto wengi walikuwa wakipanda madarasa bila kuweza kusoma hadithi fupi. Mkazo huo siupingi. Ninachopinga ni mazoea ya kuifanya KKK kuwa silabi za ubaoni na kiitikio chake: ba, be, bi, bo, bu. Maandishi ya Kiswahili hufuata matamshi kwa karibu sana, hata mtoto akishazijua silabi anaweza kutiririsha ukurasa mzima kwa sauti nzuri asiambulie maana. Sisi tukisikia sauti ile, tunadhani amesoma.

Turudi kwenye beseni. Kabla ya kutumbukiza kila kitu, watoto wanabashiri na kubishana. Kisha mwalimu anaandika waliyoyaona: Jiwe limezama. Kifuu kimeelea. Msumari umezama. Majani yameelea. Wanasoma sentensi zao wenyewe, na kila neno lina kitu walichokishika. Wanaona pia jinsi kitenzi kinavyofuata jina lake, sarufi ambayo wamekuwa wakiisema tangu utotoni bila kuiona. Halafu wanahesabu: bakuli la nani limebeba vizibo vingi zaidi vya soda kabla ya kuzama, na vimezidi vingapi?

Hesabu ya namna hiyo si ngeni kwetu. Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Mchezaji hodari hukokotoa njia ya kete kabla hajazigusa. Babu zetu waliweka hisabati mikononi; sisi tumewakunjisha watoto mikono darasani.

Walimu mliopo mtaniuliza: na darasa lililofurika? Swali ni la haki. Makundi na zamu chini ya mwembe husaidia, lakini hayamalizi tatizo. Vifuu na vizibo ni vya bure. Muda wa mwalimu, mafunzo yake na vitabu vya hadithi si vya bure, na tusijifiche nyuma ya vizibo kukwepa gharama hizo. Naviomba vyuo vya ualimu vihakikishe kila mwanachuo amelifinyanga bakuli hilo mwenyewe kabla ya kukabidhiwa darasa. Nawaomba wathibiti ubora wa shule wasiyahesabu mabishano ya watoto juu ya maji kuwa utovu wa nidhamu.

Siku moja mtoto yule ataandika, kwa herufi zilizopinda: Bakuli langu limeelea. Hakunakili ubaoni. Alikuwa na la kusema, akatafuta herufi za kulisemea. Nafasi hiyo ndiyo ninayowaombea watoto wetu, tangu wiki zao za kwanza shuleni.