Mbolea Iliyofungua Daraja



Tarehe 6 Oktoba 1978 Rais Kenneth Kaunda alitangaza kwamba Zambia itapitisha tena shehena zake kwenye reli ya kusini, ile inayovuka Zambezi kwa daraja la Victoria Falls na kuingia Rhodesia ya Ian Smith. Mpaka huo ulikuwa umefungwa tangu Januari 1973. Aliyeufunga kwanza ni Smith, na alipotaka kuufungua baada ya wiki chache, Kaunda ndiye aliyekataa. Sasa alikuwa anayameza maneno yake. Julius Nyerere na Samora Machel, wenzake wa nchi za Mstari wa Mbele zilizopinga utawala wa Smith, walimpinga.

Hapa kwetu kisa hiki tumezoea kukisimulia kwa neno moja: usaliti. Mimi naomba tuanzie kwenye gunia la mbolea.

Mkulima wa mahindi wa Zambia hupanda mvua zikianza, kuelekea Novemba. Mbolea inayomfikia Februari ni mzigo wa kuhifadhi tu. Oktoba ile mbolea ya msimu ilikuwa bado haijafika mashambani, na shaba, iliyokuwa ikiingiza karibu fedha zote za kigeni, ilikuwa imeanguka bei tangu 1974. Reli ya Benguela, iliyoipeleka shaba hiyo hadi Lobito, ilikatwa na vita vya Angola mwaka 1975. Ikabaki reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi hadi gati zetu za Dar es Salaam. Wazee wa bandarini mliopo hapa mnazikumbuka gati zile: meli zikingoja nje, mizigo imerundikana, vichwa vya treni vimeharibika, mabehewa hayarudi kwa wakati. Tulimlaumu jirani kwa kwenda mlango mwingine, na mlango wetu ulikuwa umejaa magunia.

Sisemi kwamba Kaunda alikuwa sahihi. Nasema vikwazo vya Umoja wa Mataifa dhidi ya Rhodesia vilipigiwa kura New York mwaka 1966, vikakazwa 1968, lakini gharama yake ililipwa Lusaka. Uingereza, iliyoviomba vikwazo hivyo, ilikuwa na aibu yake: ripoti ya Bingham, iliyotolewa Septemba 1978, ilionyesha jinsi mafuta ya kampuni za Shell na BP yalivyoendelea kumfikia Smith huku baadhi ya maofisa wa London wakijua. Wiki chache baadaye, Mwafrika aliyefungua reli ili apate mbolea ndiye akaitwa dhaifu. Mizani hiyo sijawahi kuielewa.

Wala Kaunda hakugeuka rafiki wa Smith. Joshua Nkomo na wapiganaji wake, waliokuwa wakipigana na Smith, waliendelea kukaa Zambia. Na kama kuna aliyedhani reli ingenunua amani, tarehe 19 Oktoba, siku 13 tu baada ya tangazo, ndege za Rhodesia zilishambulia kambi yao nje kidogo ya Lusaka na kuua watu wengi. Shehena ziliendelea kuvuka daraja. Smith alihitaji nauli ya reli, Kaunda alihitaji mbolea, na mabomu hayakubadili hesabu hiyo.

Kosa la Kaunda, kwa maoni yangu, lilikuwa la kipimo. Alifungua mlango wa dharura, na mlango huo ukageuka wa kudumu. Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia walilipua daraja la TAZARA kwenye mto Chambeshi, treni za Dar es Salaam zikakatika. Zambia ikabaki ikiitegemea reli ya kusini kuliko wakati wowote tangu 1973, tena katika mwaka wa mavuno mabaya. Mwezi uliofuata serikali ya Rhodesia ikazuia mahindi yaliyokuwa yakipelekwa Zambia kwa reli hiyohiyo.