Kuhesabu Gharama ya Kompyuta ya Nyumbani

 

Majuma machache yaliyopita mzazi mmoja alitungojea mlangoni mwa kanisa baada ya ibada. Alitaka kuwanunulia watoto wake kompyuta, si ya masomo hasa, bali ya kuchezea michezo, kusikiliza nyimbo na kutazama filamu. Akatuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama, "Pasta, ni kosa?" Tukamjibu kwamba si kosa hata kidogo. Watu wa nyumba moja wakicheka pamoja jioni, hilo ni jambo jema. Lakini tulimwomba asitoe fedha yake kabla hajasikia yaliyotupata sisi wenyewe, nayo ndiyo tunayowasimulia leo.

Mwaka 2023 kijana wetu wa pili alifanya vizuri katika mtihani, nasi tulikuwa tumemwahidi kompyuta. Tuliuza mtamba mmoja, tukatia fedha katika bahasha, tukashuka mjini pamoja naye. Tuliingia katika duka moja linalouza kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo. Muuzaji alitukaribisha kwa heshima, akatuonyesha kompyuta ya mezani, nyeusi, iliyopanguswa vizuri, akasema, "Pasta, hii ni i7. Inacheza kila kitu." Kijana akatugusa mkono. "Baba, tumwulize kama ina kadi ya michoro." Tukamwambia anyamaze, wakubwa wanazungumza. Tukalipa.

Kumbe i7 ni jina la ukoo tu. Ni kama kuambiwa ng'ombe huyu ni Friesian, nawe usiulize ana umri gani wala anatoa maziwa kiasi gani. Ile yetu ilikuwa i7 ya kizazi cha tatu, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012. Ilikuwa imefanya kazi ofisini kwa watu, ikiandika barua na kujumlisha hesabu, na kwa kazi hiyo haikuwa na ubaya wowote. Nyimbo iliimba. Filamu ilionyesha. Lakini kijana alipoweka mchezo wa kandanda aliokuwa akiuota, wachezaji walikwenda kama watu waliofungwa mawe miguuni. Mpira unapigwa sasa, wavu unatikisika baadaye.

Sababu yake ni hii. Katika michezo ya namna hiyo kompyuta huchora picha upya mara nyingi katika kila sekunde, mara 30 au 60, na kazi hiyo inataka chombo chake maalumu, yaani kadi ya michoro. Kompyuta yetu haikuwa nayo. Prosesa ilibebeshwa kazi mbili, ikachoka. Filamu si hivyo, maana picha zake zimekwisha kutengenezwa. Kompyuta inafungua tu na kuonyesha. Ndiyo maana muuzaji alipotuwekea filamu pale dukani tuliona kila kitu ni kizuri.

Kijana hakulalamika. Alisema, "Ni sawa, Baba," akafunika ile kompyuta kwa kitambaa. Baada ya muda tukaanza kuona kiti chake mezani ki tupu wakati wa chakula cha jioni. Mara alikuwa kwa rafiki, mara alikuwa mazoezini. Mama yake ndiye aliyegundua kwamba anakwenda katika kibanda cha michezo kule sokoni, mahali watu wanapolipa kwa kila mechi, na ambapo wakubwa waliokuwapo walikuwa wakiwekeana fedha. Tulikwenda kumtafuta na maneno makali mdomoni. Njiani mama yake alituuliza neno moja tu: "Siku ile dukani, mtoto alisema nini, nawe ulimjibu nini?"

Tulirudi naye nyumbani tumenyamaza. Kesho yake tulimwomba msamaha. Si rahisi kwa baba, tena mwenye kola, kumwambia mwanawe, "Wewe ulijua, mimi sikujua, nikaona aibu kuonekana sijui."

Bwana wetu alipowafundisha watu habari ya mjenzi wa mnara anayepaswa kwanza kuketi na kupiga hesabu, sisi tulikuwa tumezoea kuihubiri kwa mambo makubwa. Hatukudhani kwamba yahusu pia bahasha ya fedha za mtamba. Basi tuhesabu pamoja.

Anzeni na jina la mchezo wenyewe. Kila mchezo una maandishi yanayosema unataka kompyuta ya namna gani. Mchezo wa kandanda uitwao EA Sports FC, ambao hadi mwaka 2023 ulijulikana kwa jina la FIFA, katika toleo la FC 24 unataka kwa uchache kumbukumbu ya gigabaiti 8, nafasi ya gigabaiti 100 katika diski, na kadi ya michoro yenye gigabaiti 4 zake yenyewe. Mwingine, eFootball wa kampuni ya Konami ya Japani, hutolewa bila malipo tangu mwaka 2021, nao mahitaji yake ni madogo zaidi. Mtoto aandike majina kwenye karatasi, naye muuzaji aonyeshe mchezo ukichezwa, asionyeshe filamu.

Ulizeni pia diski ni ya namna gani. Ile ya zamani ina sahani inayozunguka ndani. Ile iitwayo SSD haina kitu kinachozunguka, hufungua mambo upesi, na haiumii ovyo meza ikigongwa. Kwa kompyuta iliyotumika, ulizeni umri wa prosesa, kwa maana kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haikubali prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, isipokuwa chache sana. Hili lilitupata mara ya pili, baada ya kudhani tumemaliza.

Halafu kuna stima. Kompyuta ya michezo inayokula wati 400, ikichezwa saa tatu kila siku, itamaliza kama yuniti 36 kwa mwezi. Laptopu ya wati 60 kwa saa hizo hizo haifiki yuniti 6, tena stima ikipotea inaendelea kwa betri yake. Wale wanaotaka nyimbo na filamu tu, laptopu ya kawaida yawatosha kabisa. Fedha inayobaki wanunue spika nzuri. Sisi tuna sanduku la kanda za kaseti za kwaya zetu za zamani, na tumekuwa tukizihamishia kwenye kompyuta kwa waya mmoja kutoka katika redio-kaseti na programu ya bure iitwayo Audacity. Sauti ya besi za miaka ile haipatikani tena, lakini hayo ni maneno ya mzee.

Filamu za kupitia intaneti nazo zina hesabu yake. Netflix yenyewe husema kwamba saa moja ya picha safi yaweza kula hadi gigabaiti 3. Filamu mbili za saa mbili kila juma ni gigabaiti 12, na mwenye kununua bando aijue hesabu hiyo mapema. Wengine watasema, "Kuna kijana pale stendi anajaza filamu katika flashi kwa shilingi chache." Tunajua yupo. Lakini kwaya zetu zinalia kila mwaka kwamba nyimbo zao zinanakiliwa hivyo hivyo, na ni vigumu kulia juu ya mwizi huku tumeshika alichoiba.

Tazameni na tarakimu zilizoandikwa kwenye michezo, 3, 7, 12, 16 au 18. Hazielezi ugumu wa mchezo bali umri unaofaa. Grand Theft Auto V, ambao vijana wengi wanautaja, una tarakimu 18. Filamu zetu za Kenya pia huwekewa alama na Bodi ya Uainishaji: GE, PG, 16 na 18.

Kwa ile yetu, fundi mmoja mwaminifu aliifungua, akaona ina nafasi, akatia kadi ya michoro iliyotumika, GTX 1050 Ti, ambayo hutumia wati 75 tu na haikulazimu kubadilisha kisambaza umeme. Kijana alisimama karibu naye akiuliza maswali, nasi tukashika tochi. Tukaiweka sebuleni, kioo kimeelekea mlango, mahali ambapo kila apitaye huona. Sasa kiti cha mezani kina mwenyewe, ingawa siku nyingine anakula upesi mno. Tumejaribu kucheza naye eFootball. Tumefungwa mabao mengi, na mama yake amefungwa machache kuliko sisi.

Yule mzazi aliyetungojea mlangoni alikuja tena Jumapili iliyopita. Ana karatasi yenye majina ya michezo mitatu, mwandiko wa binti yake. Jumamosi wanakwenda mjini wote wawili, na fundi wetu amekubali kufuatana nao. Kwaherini, hadi juma lijalo.