FEDHA ZA MATIBABU KATIKA MSHAHARA WAKO

Somo la leo ni letu sisi tunaosema Kiswahili na kufanya kazi hapa Marekani. Linahusu karatasi ambayo wengi wetu hupewa kila mwaka, nasi huitia sahihi bila kuisoma.

Shikeni kalamu. Andikeni herufi tatu: F, S, A. Mmeandika? Chini yake andikeni nyingine tatu: H, S, A. Herufi hizi mtaziona wakati wa kuchagua bima ya afya kazini, ambao kwa makampuni mengi huwa mwezi wa Oktoba au Novemba. Zote mbili ni mifuko ya fedha za matibabu. Nitasema zaidi juu ya FSA, kwa sababu ndio wenye mitego.

Nianze na habari ya mtu mmoja. Ni mwanafunzi wa darasa letu la jioni, na ameniruhusu nieleze habari zake mradi nisimtaje jina. Hufanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Kwa muda mrefu alikuwa hapati usingizi. Mchana akilala kidogo huamka, akaenda kutazama kama mlango umefungwa. Hurudi kitandani, kisha huenda tena. Mkewe akamwambia, "Baba watoto, nenda ukapimwe." Daktari akampima damu na moyo, akaona ni vizima. Akamwambia kwamba huo ni ugonjwa wa wasiwasi, na kwamba aonane kila mara na mtaalamu wa tiba ya mazungumzo. Mwenzetu akakataa. Akaniambia, "Mwalimu, mimi si mwehu. Tena kila kikao ni dola 100. Nitazitoa wapi?"

Juu ya wehu nilimjibu kwa swali. Alipoteguka mguu mwaka uliotangulia, alijificha kwa nani? Alikwenda hospitali mchana kweupe, tukamwona na magongo yake, hakuna aliyecheka. Akatabasamu kidogo. Basi tukahamia kwenye hesabu, maana hesabu ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Mfuko wa FSA hufanya kazi hivi. Kabla mwaka haujaanza, unamwambia tajiri wako, yaani mwajiri, akate kiasi fulani katika kila mshahara. Fedha hizo hukatwa kabla ya kodi. Kwa mwaka 2026 sheria inakuruhusu kuweka mpaka dola 3,400. Mwenzetu alichagua dola 50 kila malipo. Hulipwa kila baada ya wiki mbili, yaani mara 26 kwa mwaka. Fanyeni hesabu: 50 mara 26 ni 1,300. Hivyo ni vikao 13.

Sasa tazameni kodi. Fedha za FSA hazikatwi zile asilimia 7.65 za pensheni ya serikali na bima ya wazee, wala hazikatwi kodi ya mapato ya serikali kuu. Kwa mtu anayelipa kodi ya mapato ya asilimia 12, dola 1,300 zingekatwa kama dola 255. Hiyo ni bei ya vikao viwili na nusu.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawaliamini mpaka walione kwa macho yao. Fedha zote ulizoahidi kwa mwaka mzima huwa tayari tangu siku ya kwanza. Mwenzetu alikuwa amekatwa dola 50 tu mwezi wa Januari, lakini aliweza kutumia zote 1,300 kama angetaka. Mgonjwa hangoji mfuko ujae.

Sasa mitego. Wa kwanza ni tarehe. Fedha za FSA usizozitumia katika mwaka wake hupotea. Makampuni mengine huruhusu sehemu ivuke: kutoka 2026 kwenda 2027 isizidi dola 680. Mengine huongeza miezi miwili na nusu ya kuzitumia. Hayaruhusiwi kukupa vyote viwili, na mengine hayatoi hata kimoja. Ukiacha kazi, kwa kawaida kilichobaki kinapotea pia, isipokuwa kwa matibabu uliyokwisha kupata kabla ya kuondoka. Kwa hiyo usiweke fedha nyingi kwa kubahatisha. Uliza kwanza bei ya kikao, uliza bima yako inalipa kiasi gani, kisha uhesabu vikao. Mfuko ni kwa ile sehemu unayolipa wewe. Kikao kilicholipwa na bima hakilipwi mara ya pili.

Mtego wa pili ni sababu ya kikao. Idara ya kodi ya Marekani ililijibu swali hili waziwazi mwaka 2023: tiba ya mazungumzo ya kutibu ugonjwa wa akili uliothibitishwa ni gharama ya matibabu, lakini mashauri ya ndoa siyo. Mimi naona mpaka huu ni mgumu, kwa sababu mtu asiyelala mwaka mzima hugombana na mkewe pia. Lakini sheria ndiyo hiyo, na karatasi yako ni lazima iifuate.

Hapo ndipo mwenzetu alipokwama. Alipeleka stakabadhi iliyoandikwa neno moja tu, "mashauri," pamoja na bei. Ikarudishwa. Akataka kuacha kabisa. Akasema hata karatasi zimemkataa. Tuliketi naye tukaisoma upya. Stakabadhi ya kutosha ina jina la mtaalamu, jina la mgonjwa, tarehe ya kikao, aina ya huduma, na kiasi kilicholipwa. Alirudi kwa karani wa mtaalamu, akaomba nyingine yenye mambo hayo yote, na safari hii akalipwa. Ombeni stakabadhi kamili siku ileile ya kikao, msingoje Desemba.

Akauliza pia, "Je, msimamizi wangu atajua?" Kwa kawaida madai husomwa na kampuni nyingine, siyo na msimamizi wako, na sheria ya siri za matibabu ya mwaka 1996 inazuia habari za mpango wa afya zisitumike katika mambo ya kazi. Hata hivyo, peleka madai yako mwenyewe. Usimwachie karatasi mtu wa zamu akupelekee.

Juu ya HSA nitasema machache. Mfuko huu nao hulipia tiba ya mazungumzo, lakini ni wa wale wenye bima ambayo huanza kulipa baada ya wewe kutoa fedha nyingi kwanza. Fedha zake hazipotei mwishoni mwa mwaka, nawe huondoka nazo ukiacha kazi. Ila ukizitumia kwa jambo lisilo la matibabu kabla ya umri wa miaka 65, utalipa kodi na faini ya asilimia 20.

Mwenzetu amekwisha hudhuria vikao tisa. Bado huamka kutazama mlango. Mkewe anasema sasa huenda mara moja tu.

Kazi yenu ya wiki hii: leteni darasani karatasi ya mshahara wenu wa mwisho. Funikeni jina na kiasi mkipenda. Tafuteni herufi FSA au HSA, mpigie mstari chini yake. Asiyeziona aandike kwa Kiingereza sentensi moja ya kumwuliza karani wa ofisi ya wafanyakazi kama kampuni yake inao mfuko huo, na ni siku gani ya mwisho ya kuomba. Mwalimu wenu atawasahihishia. Kwaherini.